Butoni ya Kushoto

Shari, Bunia

Kwa mudogo wangu Esperansi, nyumbani Nyankunde,

Umeamukaje? Magoti yako bado yanakubali kilima, ao shemeji ndiye anakubeba? Siye huku tuko. Mvua inanyesha, mbu iko mingi, na watu wanaomba Mungu mupaka Yeye mwenyewe anachoka.

Ukisikia huko kwamba kuna muzee mu Shari alishinda vijana wote mu muchezo ya muziki, mbele ya watu, ujue ni miye kaka yako.

Hapana, nakudanganya. Sikushinda hata mutoto ya kunyonya. Lakini acha nikuelezee vile ilikuwa, juu tangu ile siku niko naogopa, na huku sina mutu ya kumwambia.

Unajua niko sentinele, mulinzi ya muchana, ku atelye ya Janeti, yule mwanamuke anayetengeneza telefone na radio. Juma iliyopita mwalimu moja alimuletea kamashini ka michezo, kale ka kushika mu mikono mbili kama kitabu ya nyimbo. Butoni ya kushoto ilikuwa imekufa. Mu ile mashini ngoma inalia, na viduara vinashuka ku ekra, ile kioo yake, vingine kushoto, vingine kulia. Kikifika ku mustari, unafinya butoni ya upande yake, sawasawa na ngoma. Ukichelewa, kinageuka nyekundu.

Janeti alipomaliza kubadilisha butoni aliniambia nijaribu, juu nilikuwa nimejisifu kwake kwamba nilipiga ngoma ya korali mupaka pasta akasahau mahubiri. Nikakaa kama chefu ya kijiji. Kulia ilienda muzuri kabisa. Kushoto, nyekundu. Nyekundu tena. Nikamwambia Janeti butoni yake iko inalala usingizi. Wateja wakacheka. Akafungua mashini, akapangusa ndani, akafunga. Nyekundu. Nikamuuliza kama alisomea ufundi kwa kinyozi. Akafungua mara ya pili, akaweka butoni ingine mupya. Nyekundu. Mara ya tatu alitoa ile ya kulia, ile nzuri, akaiweka kushoto, na ile mupya kulia. Kushoto, nyekundu. Miye nilikuwa nacheka bado, tena kwa nguvu kuliko wote.

Halafu akashika mashini yeye mwenyewe. Akacheza wimbo nzima. Hakuna nyekundu hata moja. Akaweka mashini ku meza polepole, akaangalia vidole vyangu.

"Papa," akasema, "butoni iko muzima."

Nikatia mukono mu mufuko, nikasema naenda kufunga mulango ya nyuma. Ile atelye haina mulango ya nyuma.

Esperansi, unakumbuka yaya Gaspari, kaka yetu mukubwa. Yeye pia ilianza kushoto. Kikombe ilimuanguka, tukamucheka, tukasema ni pombe. Kabla ya mavuno alikuwa analala tu, mudomo umepinda, na weye ndiye ulikuwa unamulisha uji. Miye nilimucheka kuliko wote.

Sasa kila asubui najaribu kufunga vifungo vya shati na mukono ya kushoto peke yake. Jana viwili vilinishinda. Napiga ngoma ku goti yangu, ile tuliyokuwa tunapiga siku ya Paska: kulia inafika, kushoto inakuja nyuma kama mugeni asiyejua njia. Furaha, mutoto wangu ninayekaa kwake, aliniuliza juu ya nini siku hizi nakula polepole hivi. Nikamwambia mufalme haharakishwi. Akacheka. Hajui kitu.

Lakini Janeti hakusahau. Jana aliniambia siku ya tatu ya juma inayokuja bwana yake atanileta Nyankunde na moto, ile pikipiki yake, munganga ya hospitali anione. Nilitafuta uongo wote nilio nao. Nilisema barabara haiko salama, akasema watu wanapita kila siku. Nilisema nani atalinda atelye, akasema ataifunga. Basi nimekubali. Barabara siiogopi sana. Naogopa munganga afungue mudomo, anitajie jina ya ile kitu.

Unisalimie shemeji muchunga ngombe, umwambie ngombe ziko na akili kumupita. Salimia mama mukwe wako, mama ya sala ndefu, na mujukuu wetu anayesomea uuguzi. Usiwaambie neno.

Na sasa ile deni yako. Siku ulipong'olewa jino, ulilia mupaka ngombe za misioni zikakujibu. Ni miye nilikushika mukono, na mupaka leo sikumwambia mutu, hata bwana yako anayefikiri alioa mwanamuke ya chuma. Unilipe basi. Siku ya tatu uje ukae ku benchi ya hospitali, pembeni yangu, upande ya kushoto. Munganga akianza kusema, unishike ule mukono, unifinye kwa nguvu. Nikikuambia siusikii, usiuachilie.

Kaka yako,
Zakaria