Kutembea kwa Macho Yaliyofumbwa

Dallas, Embu
12 Mei 1992

Baba mpendwa,

Muga sana, nakusalimu. Natumaini barua hii itakukuta una nafuu, na mgongo wa Mama umepoa. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inatutesa.

Tangu nilipokuacha kwenye kiti mlangoni, mguu wa kushoto kama si wako, sijatulia. Harusi ni Desemba. Nilipokwambia Mjomba Kaberia anaweza kunishika mkono kanisani, ulinijibu, "Kaberia ana mabinti wake." Basi sikiliza. Nelius, jirani yangu hapa mtaani Dallas, kazi yake hospitalini ni kuwanyoosha viungo watu waliopooza. Anasema kabla ya mazoezi mgonjwa afumbe macho ajione akitembea. Aone kila kitu: sakafu, viatu, watu. Eti kichwa husahau njia ya kwenda mguuni, na hapo ndipo hukumbushwa.

Kila asubuhi jione umenishika mkono, unanipeleka mbele mpaka kwa mchumba wangu Njagi. Usicheke.

Mwanao,
Ntinyari

*

Kangeta
7 Juni 1992

Kwa mwanangu Ntinyari,

Salamu nyingi. Sisi tunasukuma siku, Mama yako anakusalimu.

Nilicheka. Halafu nikafumba macho. Mama yako akanikuta nasema peke yangu, "kushoto, kulia, kushoto," akamwita pasta. Pasta alifika, akaniombea, akanywa chai, akasema hakuna dhambi.

Lakini kuna jambo silielewi. Kanisa halitokei. Kila nikifumba macho niko hapa sokoni, nimevaa gambuti, napita katikati ya mabunda ya miraa na wanunuzi wananiita jina. Natembea kama kijana! Nikifumbua, mguu umelala palepale. Sasa nani mwongo, macho au mguu?

Juzi kidole gumba cha mguu huo kilicheza. Mama yako anasema ni nzi alitua.

Baba yako,
Kiambi

*

Dallas, Embu
21 Juni 1992

Baba mpendwa,

Hamjambo nyumbani? Mimi sijambo, nimesoma habari ya kidole nikaruka ofisini, wenzangu wakadhani nimepandishwa cheo. Nelius anasema hakuwa nzi.

Lakini toka sokoni, Baba, uende kanisani. Pengine hupaoni kwa sababu hujawahi kufika. Ni kanisa la kina Njagi, kule Kianjokoma. Nje ni majani chai mpaka mlangoni. Ndani sakafu ni nyekundu, imepigwa rangi, inateleza kidogo, kwa hiyo tembea polepole. Mama yake Njagi, Wambeti, atakuwa upande wa kulia na kilemba cheupe. Njagi atasimama mbele, suti ya kijivu. Nipeleke mpaka hapo.

Mwanao,
Ntinyari

*

Kangeta
16 Agosti 1992

Mwanangu,

Uko salama? Sisi tunamshukuru Mungu. Nimesimama! Nilishika fimbo na bega la Mama yako, nikafika jikoni, nikarudi.

Kanisa nimelipata. Hata ile sakafu nahisi inateleza. Nimekushika, watu wanaimba, tunakwenda. Lakini tukifika mbele, Njagi hayupo.

Namjua Njagi. Amekula kwangu, nikampenda, sura yake siwezi kuipoteza. Kwa hiyo namsimamisha mwenyewe, namvalisha suti. Nikigeuka kukutazama wewe kisha nimtazame yeye, mahali pake ni sakafu tu.

Pengine ni kichwa cha mtu aliyeugua. Mama yako alinikataza kukuandikia. Nifanye nini?

Baba yako,
Kiambi

*

Dallas, Embu
23 Agosti 1992

Baba,

Natumaini hamjambo.

Nilikuomba utembee, sikukuomba uniotee ndoto. Gauni limeshakatwa. Njagi ni mzima, jana tulikuwa naye. Tafadhali usiniandikie tena mambo hayo.

Nisalimie Mama.

Ntinyari

*

Kangeta
11 Oktoba 1992

Mwanangu Ntinyari,

U hali gani? Barua zangu mbili hukujibu.

Nimeacha kufumba macho. Niliogopa nitakuharibia kitu bila kujua. Mguu umeanza kulegea tena, lakini si neno. Kaberia amekubali kukushika mkono. Niandikie hata mstari mmoja.

Baba yako

*

Dallas, Embu
15 Novemba 1992

Baba yangu,

Muga. Nawauliza hali, ingawa yangu siwezi kuieleza.

Nilinyamaza kwa sababu nilijaribu mwenyewe. Nilifumba macho nikaona gauni, keki, wewe na Mama. Njagi sikumwona. Nikasema ni wewe umenitia hofu. Jumapili iliyopita tukiwa kwao Kianjokoma, nikamwambia kama mchezo tu, "Fumba macho, uione siku yetu. Unaona nini?"

"Naona watu wengi. Wananitazama."

"Na mimi?"

Aligeuza uso huku na huku, macho bado yamefumbwa. Kisha akasema, "Ntinyari, sijui kwa nini sikuoni."

Hana mwanamke mwingine. Nilimuuliza, na ninamwamini. Tulicheka, tukalia, tukaenda kumwambia mama yake hakuna harusi. Wambeti anauliza ni nani amemkosea mwenzake.

Baba, uliliona jambo hili, au ulilipanda? Usingeandika, leo ningekuwa nakata kadi za mwaliko. Sikulaumu. Au nakulaumu, sijui.

Rudia mazoezi.

Mwanao,
Ntinyari

*

Kangeta
13 Desemba 1992

Mwanangu mpendwa,

Pole sana. Mama yako analia, halafu anaimba, halafu analia.

Umeniuliza swali nami nimelibeba siku zote hizi. Nimejichunguza kama moyoni nilimkataa yule kijana. Sikumkataa. Zaidi ya hapo sina ninachojua, na singependa kukudanganya.

Nimerudia mazoezi kama ulivyosema. Jana, ambayo ingekuwa siku ya harusi, nilitoka na fimbo mpaka barabarani, Mama yako nyuma yangu amebeba kiti, nikichoka. Sikuketi. Watu walinisalimu, wakauliza, "Mzee, safari ya wapi?" Nikawaambia natembea tu.

Njoo Krismasi. Nitakungoja pale barabarani. Nimejaribu kufumba macho nione utakavyoshuka, na mimi nitakuambia nini, na hakuna kilichokuja. Wewe njoo hivyo hivyo.

Baba yako,
Kiambi