Mstari Nilioupinda kwa Ajili Yako

Baba yangu,

Sianzi na shikamoo, maana ile ya mwisho niliyokupa hukuiitikia, nami sijasahau. Nakuandikia kwa sababu hukujua kusoma. Ungejua kusoma nisingethubutu. Ningekuja kusimama kaburini kwako na kofia mkononi kama watu wengine, ninung'unike maneno mawili matatu, niondoke zangu. Sasa naandika yote, na ya aibu humo humo, maana hakuna wa kukusomea.

Mvua za mwaka huu zimekuja nzito, na korongo limefunguka shambani kwako. Limeanzia chini tu ya pale ulipokaa siku ile. Nitafika huko, usinihimize. Huna safari.

Unakumbuka uliponifundisha kutengeneza ntumba? Nilikuwa sijang'oka meno yote ya utotoni. Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha, nyasi zimenifika kifuani. Tulikata majani pamoja na udongo wake, tukayageuza mizizi juu, tukarundika mpaka kikawa kilima cha duara kinachokufika magotini. Nyasi ndani, udongo nje, maharage juu yake. Nyasi zikae humo zioze polepole, na mvua za mwaka unaofuata tukibomoe kilima, tutawanye mbolea yake, tupande ulezi. Mimi niliacha nyasi zinachungulia nje. Ukaja, ukatazama, ukanitandika mgongoni kwa mpini wa jembe. "Hii si ntumba," ulisema. "Hiki ni kiota cha kanga." Mama alicheka. Wewe hukucheka. Ulikibomoa chote ukaniambia nianze upya, na mvua inaninyeshea. Nilikuchukia siku ile kwa moyo wangu wote, na tangu hapo sikutengeneza ntumba mbaya hata moja.

Nilipofikia umri wa kutafuta mke, Jumbe alitangaza kwamba serikali inataka vijana wa kujitolea kuokoa udongo wa milima yetu. Misimu miwili bila ujira, chakula kila mtu atoke nacho kwao, na mwisho atakayewashinda wenzake atapewa cheti na kazi ya msaidizi wa bwana shamba. Tulijiandikisha vijana ishirini. Tulipanda mikaratusi kwenye mlima uliokwisha miti kwa kukatwa kuni. Tulijifunza kulea miche kitaluni, kuandika daftari la mahudhurio, na kupima mteremko kwa kamba. Hicho cha kamba ndicho kilichoniteka. Watu wawili wanasimama na fito mbili zenye kimo kimoja, kamba imefungwa kati yao, na katikati ya kamba kinaning'inia kichupa cha maji chenye kipovu. Kipovu kikitulia katikati, basi wale wawili wamesimama usawa mmoja. Mnapigilia vigingi, mnasogea. Mwisho wake vigingi vinazunguka mlima kama mkanda, na hapo ndipo linapochimbwa tuta refu la kuyasimamisha maji ya mvua yasiondoke na udongo.

Naapa, baba, sijapenda kitu kama nilivyopenda kazi ile. Kipovu hakikuwa na hasira. Nikikosea kilisogea kidogo, nikijirekebisha kilirudi mahali pake, na hakuna aliyenipiga mpini. Nilikuja nyumbani jioni moja kukueleza. Ulikuwa umekaa na wazee mnakunywa pombe ya ulezi. Ulinisikiliza mpaka mwisho, nami nikadhani umevutiwa, mjinga mimi. Kisha ukawageukia wenzako: "Mwanangu amekwenda kujifunza kupima maji ya kwenye kichupa. Ya mvua muulizeni kama ameshayaona." Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nikainuka nikaenda zangu, na moyoni nikasema, haya, ngoja.

Sikungoja sana. Amri ilitoka kwamba ntumba zote za kwenye miteremko zibomolewe, yachimbwe matuta marefu. Kwenye kikosi tulikuwa tumebaki wawili wa kushindania ile kazi, mimi na kijana wa kijiji cha pili. Bwana shamba, yule Mzungu mrefu mwenye kikohozi, alisema kila mmoja atapima mlima mmoja mbele yake. Akaniuliza nianzie wapi. Mama alikuambia kwamba nililazimishwa. Alikudanganya ili upate usingizi. Nilinyoosha mkono mwenyewe na kinywa changu kikasema, "Tuanze na shamba la baba yangu." Nilitaka unione na kaptura ya kaki. Nilitaka wale wazee wa pombe wanione nikitoa amri nawe ukiwa umesimama pembeni.

Hukusimama pembeni. Tulipofika na kamba zetu, kijiji kizima nyuma yetu, tulikukuta umekaa juu ya ntumba moja katikati ya mteremko, umekalia maharage yenye maua. Nilitangulia kupigilia vigingi kutoka upande wa mto, sawa kabisa, kipovu kimetulia kila mara, mpaka nikaona mstari unakuja moja kwa moja kwenye kiuno chako. Jumbe alikukemea. Bwana shamba alitazama saa. Wewe ulinitazama mimi peke yangu ukasema, "Nimekaa. Pita kando."

Hapo ndipo nilipoharibu, baba. Ningeita watu wakuondoe, ningeshinda kwa haki. Ningesema kazi haiwezekani, ningeshindwa kwa haki. Sikufanya hili wala lile. Nilimwona ndani yako yule yule aliyesimama juu yangu kwenye mvua, na mgongo wangu ukawasha pale mpini ulipotua. Nikamwambia mshika fito wa mbele ashuke hatua chache chini yako. Kipovu kilikimbia mpaka ncha ya kichupa. Nikakiona. Nikapaza sauti, "Sawa!" Tukapigilia kigingi, tukakuzunguka, tukapanda tena upande wa pili. Kutoka mbali mstari ulionekana mzuri, umejikunja kidogo tu kama mlima wenyewe umejikunja. Mzungu alitikisa kichwa akasema vizuri sana. Kichupa kilikuwa kwangu, hakuna mwingine aliyekichungulia.

Nawe ungenyamaza tu, mzee mkaidi wewe! Ungeinuka, ukajikung'uta, ukaenda kwako, tungekwisha hapo. Lakini uliufuata mstari kwa macho toka mwanzo mpaka mwisho, ukaona kila kitu, maana mteremko ule uliujua kwa nyayo. Ukacheka. "Kumbe mstari wa serikali nao unapinda!" Watu wakacheka pamoja nawe. Bwana shamba akaniuliza yule mzee mkorofi anaitwa nani. Angeweza kumwuliza Jumbe, aliyekuwa amesimama pale pale. Aliniuliza mimi, nami nikamtajia jina lako na la babu, taratibu, mpaka akalipata vizuri kuliandika.

Ntumba zako zilibomolewa siku ile ile na maua yake. Baraza likaamua uchimbe matuta pamoja na watu wengine wakaidi, mpaka mlima uishe. Na mwenye kusimamia wachimbaji alikuwa mimi, nimeshapewa cheti, daftari kwapani.

Asubuhi ya kwanza kulikuwa na ule upepo wetu wa kipupwe unaopasua midomo. Mlijipanga. Niliita majina. Nilipofika kwenye lako nikakohoa, nikalisoma. Ulisimama wima ukajibu, "Nipo, bwana." Watu wakainamisha vichwa. Nikamaliza kuita, nikakusogelea polepole wengine wasisikie, nikasema, "Shikamoo, baba." Ulitazama daftari, hukunitazama usoni. "Nipo, bwana," ukasema tena, ukachukua jembe. Kila asubuhi mpaka mlima ulipoisha nilikuita, na kila asubuhi ulinijibu hivyo hivyo. Kazi yako haikuwa na kasoro. Tuta lako lilikuwa limenyooka kuliko yote, isipokuwa pale lilipolazimika kufuata vigingi vyangu, na pale nako ulichimba kama ulivyoambiwa, huku unaona. Ungeniambia neno moja, "Mwanangu, hapa patabomoka," ningepata pa kuanzia. Hukuniambia. Mioyo yetu ni migumu ukoo mzima, sitaki kujidai kwamba ni wangu peke yangu.

Kifua kilikushika kabla ya mvua. Mimi nilikuwa nimepelekwa Ilemba, kule bondeni kwenye joto, kuwafundisha watu kulea miche. Taarifa ilinifikia, nikapanda ukingo wa bonde siku mbili, baiskeli nimeibeba begani zaidi kuliko ilivyonibeba. Nilikuta udongo mbichi. Mama alisema uliagiza uzikwe pale ulipokaa, na ulipoagiza ulitabasamu. Loo, najua tabasamu lile. Ulijua maji yatakuja kukusanyika wapi. Ulikwenda kulala pale kuyangojea, ili yakifika nisiweze kusema sikujua.

Sasa sikiliza yaliyotokea wiki iliyopita. Shamba lako ndilo shamba la mfano. Kila kikosi kipya cha vijana huletwa hapo, nami ndiye mwalimu wao. Nawaambia, tazameni tuta hili, hivi ndivyo anavyopima mtu anayeijua kazi. Miaka minne maneno hayo hayo. Safari hii alikuwapo kijana wa Mazwi, mtoto wa mwenye duka, mtulivu, mikono yake mizuri kwenye kamba kuliko yangu nilipokuwa na umri wake. Wenzake walikuwa wanalishangaa korongo, yeye akafunga kichupa, akaita mwenzake ashike fito ya pili, akachungulia.

"Bwana, hapa kipovu kinakimbia," akasema. "Mstari umeshuka. Aliyepima hapa alikosea."

Hakusema kwa ubaya. Hakujua ni nani aliyepima. Wenzake walijua. Nami nikamwambia, "Wewe huna macho. Rudi Mazwi ukauze chumvi dukani kwenu." Nikafuta jina lake kwenye daftari mbele yake. Alikuwa amemaliza msimu mmoja na nusu bila ujira, miche yake kitaluni haikufa hata mmoja, na ile kazi ingekuwa yake. Alikunja kamba vizuri kama nilivyomfundisha, akaniwekea miguuni, akasema, "Shikamoo, mwalimu," akashuka mlima. Sikumwitikia. Nilimtazama mpaka akapotea, mgongo wangu unawasha.

Naona aibu, baba. Nimeandika neno hilo, sasa usinilazimishe kulirudia.

Jambo lenyewe liko hivi. Korongo linakula kupanda juu, na limebakiza hatua kama sita kukufikia. Naweza kuyafukua matuta, nikapigilia vigingi upya, nikamwambia bwana shamba kwamba mstari ulionipa cheti ulikuwa wa uongo. Cheti kitakwenda, kazi itakwenda, baiskeli itakwenda, na kijana wa Mazwi ataitwa arudi. Au nikuondoe wewe.

Nilimwambia mama kwamba lazima tukuhamishe. Alikuwa anapepeta ulezi, hakuacha. "Kamhamishe mwenyewe," alisema. "Mara ya kwanza hukumbeba."

Kisha akauliza, "Na mstari?"

"Mstari ni wa serikali, mama," nikamjibu.

Akacheka. Sikujua kwamba miaka yote ile alikuwa anajifunza kicheko chako.

Basi Jumamosi nakuja. Katekista amekubali kusali. Nimenunua shuka jipya. Nimeshakupimia mahali, juu karibu na mikaratusi, maji hayafiki. Nimepima mara tatu, kipovu kimetulia mara zote tatu, wala hakuna aliyekuwa ananitazama. Barua hii nitaiweka chini yako, kama nyasi zinavyokaa ndani ya ntumba, nayo ioze.

Mama anasema kabla sijapiga jembe la kwanza lazima nikuite jina, usije ukashtuka. Nitakuita. Sauti yangu ni ile ile ya daftari, sina nyingine. Nakuomba neno moja tu, nami najua sistahili hata hilo. Nikikuita, usinijibu kama siku zile. Nyamaza, baba. Nyamaza tu kama maiti wengine.

Shikamoo.

Ni mimi mwanao,
mshika daftari.