Mashine Niliyochagua Baada Yako

Kaijage, ndugu yangu,

Nimekaa barazani hapa Bilele mjini, nakuandikia. Kesho nakwenda Muleba. Wazee wa ukoo wako wameniita nijieleze, na kabla sijajieleza kwao nataka wewe usikie kwanza, maana jambo lenyewe limeanzia kwenye kifo chako.

Mdogo wako Byabato hana kazi tena kwenye banda la ndege. Mimi ndiye niliyemtoa.

Tulia. Nakujua, ungekuwa umeshasimama.

Ulipotuacha, yule Mzungu mwenye ndege alimpa Byabato nafasi yako kabla hata matanga hayajaondolewa. Sikupinga. Mkeo Koku na watoto walihitaji kula. Lakini kila jioni tulipoirudisha ndege bandani, mkia mbele, watu sita tukiisukuma kupanda ile sakafu waliyoiinamisha ili maji ya mvua yatoke, nilikuwa namtazama yeye badala ya kutazama njia.

Siku yangu ya kwanza ulinicheka. Ulisema, "Juma, ninyi watoto wa mjini mnasukuma kwa midomo." Haya, ulikuwa na haki ya kucheka. Ulilelewa ufukweni Muleba, ukivuta mitumbwi nchi kavu tangu hujaota ndevu. Hakuna aliyesukuma kama wewe, na hicho ndicho kilichokuua. Sakafu ililowa, miguu ikateleza, ndege ikaanza kurudi. Sisi tuliruka pembeni. Wewe uligeuka ukaiwekea mgongo, kama mnavyouwekea mtumbwi. Mtumbwi ukiukazia mgongo unakaa mchangani. Ndege ina magurudumu, Kaijage! Ilikubana kwenye nguzo ya mlango, na ule mlio bado nausikia hata nikiwa msikitini.

Baada ya hapo Mzungu akasema basi, inunuliwe mashine ya kuvuta. Akaazima mbili tuzijaribu, akaniambia nichague, kwa kuwa mimi ndiye msimamizi. Moja ilikuwa trekta la shambani. Nyingine ni kitu kidogo cha magurudumu mawili, chenye injini ya petroli na mpini mrefu. Mtu anaushika mpini na kutembea nacho kinyumenyume, huku ndege iko mbele ya macho yake.

Trekta lina nguvu, sikatai. Vijana walilipenda kwa mngurumo wake. Lakini dereva anaipa ndege kisogo, hajui bawa linakwenda wapi, na likishaingia bandani linakula nafasi ya ndege ya pili. Nilikuwa bado nayawaza hayo pale dereva alipoachia klachi kwa pupa. Trekta likaruka, pini ya chuma iliyoishika ndege ikachomoka, ndege ikaanza kuteremka mlangoni.

Byabato akageuka, akaiwekea mgongo.

Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Salumu, yule wa bawa la kulia, alitupa gogo chini ya gurudumu, ndege ikasimama ikiwa imeshagusa shati la mdogo wako. Nilikaa chini pale pale sakafuni, mtu mzima mimi. Na unajua yeye alifanya nini? Alicheka. Akajipangusa mgongo, akasema, "Waitu, jamani, ningeizuia tu."

Ni sauti yako ile. Ni mgongo wako.

Nilimwambia Mzungu tuchukue mashine ndogo. Akakubali, akasema watu watatu wanaitosha, mmoja kwenye mpini na mmoja kwenye kila bawa, niwataje. Wote walimtazama Byabato, maana wanajua mimi na wewe tulikula omukago, tukagawana buni yenye damu zetu mbele ya baba yako, tukawa ndugu. Mtu wa omukago hatoi chakula kinywani mwa nyumba ya ndugu yake. Nikajitaja mimi, nikamtaja Salumu, nikamtaja na yule Mganda mpole wa bawa la kushoto. Byabato sikumtaja.

Byabato alinisogelea mpaka nikahisi pumzi yake. "Umemzika kaka, sasa unanizika mimi nikiwa hai." Hajanisalimia tena. Nilikwenda kwa Koku. Alinipokea mlangoni, hakunipa hata buni ya kutafuna. Kwa Mhaya hilo ni zaidi ya kutukanwa, nami nimeishi nanyi vya kutosha kulijua.

Naogopa, Kaijage. Wanasema anayeuvunja omukago, ile buni humvimbia tumboni. Tangu juzi tumbo linaniuma. Mke wangu anasema ni woga tu, lakini naye ameacha kunitania, na yeye si mtu wa kuacha. Mara nyingine nawaza kwamba ningemweka Byabato kwenye mpini, nikamfundisha. Halafu nakumbuka kile kicheko. Mashine nayo inaweza kuzima, pini inaweza kuchomoka tena, na mwili hufanya ulichozoea kabla akili haijauliza. Sikuweza. Basi.

Lala sasa, ndugu yangu. Koku asiponifungulia, chakula cha watoto nitakiacha kizingitini, na nitakiacha mpaka wakue. Hakuna mtu wa nyumba yako atakayesimama tena nyuma ya magurudumu yale maadamu mimi ndiye msimamizi. Nakuahidi hayo, na buni ile iko tumboni mwangu kunishuhudia.

Kesho nitaketi watakaponiweka, hata ikiwa chini. Watasema mengi. Nitawaomba tu wamwite Byabato aje mwenyewe anishitaki. Na nikimwona anaingia kwa miguu yake, ana hasira, anapumua, waniadhibu watakavyo.

Wako,
Juma