Uso Nilioujua Mara Moja

Chebet mjukuu wangu,

Chamgei. Huku Mogogosiek tuko salama. Mamako anakusalimu, na ng'ombe wako amezaa ndama jike.

Umeniuliza, kwa vile unasomea sheria, kama shahidi mwaminifu anaweza kukosea. Anaweza kabisa. Mimi nilikuwa shahidi.

Miaka ya tisini, alfajiri yenye ukungu, niliona mtu akitoa ng'ombe wa shemeji yangu bomani. Baadaye polisi walipanga wanaume kwa laini, wakaniambia nimguse mwizi begani. Uso mmoja niliujua mara moja. Shemeji alikuwa nje akingoja.

Nilipoinua mkono niliona vidole vya yule mtu, vyeusi kwa kuchuma majani chai kama vyangu. Nikajiuliza, huyu namjua kutoka wapi? Kumbe ni kule kituoni tunakopimia majani! Nikashusha mkono. "Afande, uso huu naujua, lakini si wa bomani."

Sisemi hakuiba. Nasema mimi sikumwona akiiba. Kwa hivyo ukiwa wakili, usimuulize shahidi kama ana hakika, maana hata mimi nilikuwa nayo. Muulize uso huo anaujua kutoka wapi.

Ng'ombe hakupatikana, na shemeji alininunia hadi Krismasi. Lakini wiki ile niliyoitwa na polisi, yule mtu alikuwa mbele yangu kwa laini ya majani. Alichukua kikapu changu, akakitundika kwenye mizani kabla ya chake.

Kogo wako