Bibi Farangis na Neno Lililomfunga Behrad

Mwaka umetimia, Bibi Farangis, tangu utuachie kisu chako cha mboga. Kitu cha kwanza tulichokiona baada ya kukuzika ni kwamba vidole vyetu havina tena wino. Siku hizi tunachambua kotimiri na uwatu juu ya nailoni, si juu ya magazeti tena.

Wewe hukukubali jani liguse gazeti ambalo halijasomwa. Hukujua kusoma, nami ndiye niliyekusomea. "Soma, Golnar! Mbona unanimezea maneno?" Iwe uchaguzi, iwe watu waliojaa barabarani, iwe bei ya kuku, ulisimamisha kisu na kuuliza, "Kwa nini?" Tangu uondoke intaneti imezimwa tena, na hakuna wa kuuliza hivyo kwa sauti yako.

Gazeti alilokuwa akiliandikia mjukuu wako Behrad hukulitia tope hata mara moja. Ulilikunja ukalilaza chini ya zulia. Masika ya mwaka jana aliandika kwamba maji ya mto Zayande hayawafikii wakulima wa mashariki mwa Isfahan, akauliza yanakwenda wapi. Gazeti likafungwa, naye akachukuliwa.

Sisi tulilia. Wewe uliinua zulia.

"Hebu tulitafute hilo neno lililomfunga."

Nikasoma polepole, nawe ukinikatiza. "Ni 'ngano'?"

"Aa, Bibi, ngano ina kosa gani?"

"Basi ni 'bomba'. Hilo bomba silipendi kabisa."

Mjomba Khosrow akasema, "Mama, mwanangu yuko ndani, nawe unacheza kitendawili!"

"Nikilijua neno, nitajua pa kubisha hodi," ukamjibu.

Ukavaa baibui lako la kutokea, tukaenda mahakamani. Karani akakuambia, "Mama, rudi nyumbani upumzike."

"Nionyeshe neno tu, mwanangu. Nitalikwangua kwa kisu cha mboga, unipe mjukuu wangu."

Akacheka. Kisha akautazama mlango, akainamia karatasi zake. Njiani uliniuliza, "Umeona alivyoutazama mlango? Anamwogopa nani yule?"

Vuli ilipofika ukaondoka, neno hujalipata. Behrad alitoka baada ya arobaini yako. Hata chai hajaionja, tukamuuliza ni neno gani. Akasema, "Sikuambiwa. Nilidhani nyinyi mmeshalijua." Kisha akaomba apelekwe kaburini kwako, akakaa huko mpaka mjomba alipomfuata.

Unakumbukwa na mwanao Khosrow, mkweo Parvaneh, mjukuu wako Behrad, na majirani wote wa kichochoroni uliowagawia mafungu ya nanaa. Hutatutoka moyoni, Bibi.

Nami Golnar, binti wa marehemu binti yako, nakukumbuka. Kila tulipomaliza kusoma uliniuliza, "Na wewe je, umeona nini?" Leo nakujibu. Makala ile naijua kwa moyo sasa, na hakuna neno baya ndani yake. Aliyoyaandika Behrad kuhusu maji yetu ni kweli.