Maharagwe ya Mama Yameshika Kutu

Manga, Jumanne, Mei 1968

Kumbe ni kutu. Leo bwana shamba aligeuza jani la maharagwe, akapitisha kidole upande wa chini, kikatoka chekundu kama kimegusa jembe kuukuu. Akasema ning'oe yote yaliyougua nichome. Yote yameugua.

Mbegu hiyo Mama alikuja nayo kutoka Nyamache alipoolewa. Msimu huu niliipanda yote, sikubakiza hata kiganja.

Akauliza ni nani aliyepalilia kukiwa na umande, maana majani yakiguswa yakiwa na maji ugonjwa huenea. Nikaendelea kugeuza majani. Ni akina mama wa egesangio, kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu. Baada ya kumzika Mama walikuja alfajiri, wakapalilia shamba lote nikiwa bado nimelala. Na zamu haikuwa yangu.

Nimelia leo kuliko siku ya mazishi.

Jioni mama Moraa wa egesangio, rafiki yake Mama, alipita akaona shamba. "Usijali, mwanangu. Kesho alfajiri tutakuja tukusaidie kung'oa."

Nilitaka kumwambia habari ya umande.

"Njooni jua likishawaka, mama," nikasema. "Asubuhi kuna baridi."