Taa za Gari la Baba

Mlimani, juu ya Salalah
Jumatano, 18 Agosti 1993

Kwa dada yangu mpenzi, Tuful binti Mahad,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute na afya, wewe na shemeji na watoto, na joto la Maskati liwe limewahurumia kidogo. Sisi huku ni wazima, ila uzima wenyewe wa kujikongoja. Ukungu umetulalia tangu mwisho wa Juni na haujanyanyuka hata siku moja kamili. Nguo hazikauki, kuni zinafuka tu bila kuwaka, na ng'ombe wanakohoa kama wazee msikitini. Mke wangu Thumna anakusalimu sana. Ubani ulioagiza ameshakuchagulia ule mweupe, anangoja tu mtu wa kuuleta.

Barua yako niliipata. Umeuliza kwa nini baba, ulipompigia kwenye simu ya dukani, alikuambia maneno matatu tu kisha akamrudishia mwenye duka mkonga wa simu. Umeuliza kama anaumwa. Nitakujibu, dada, lakini jibu lenyewe ni refu na mimi nimechoka, kwa hiyo univumilie nikianzia mbali.

Habari yote imeanza na taa za gari. Unajua baba na gari lake. Kila asubuhi hushusha maziwa mjini, na kurudi hubeba dagaa wakavu wa kulisha ng'ombe. Usukani hampi mtu. Nikimwomba nimpokee hunijibu kwamba gari moja halina makhalifa wawili, basi mimi hukaa pembeni na madebe yangu. Na unajua sharti lake la miaka yote: bila taa haingii kwenye ukungu, hata mchana, hata aitwe na nani. Kabla hajaondoka huwasha taa na kumulika ukuta wa zizi. Zikiwaka tunakwenda, zikigoma tunabaki.

Mwanzoni mwa msimu taa zikaanza kugoma. Leo zinawaka, kesho kimya. Tukampelekea Sasidharan, yule fundi umeme wa Kerala aliye nyuma ya soko la samaki. Akabadilisha balbu, zikawaka siku mbili. Akabadilisha fyuzi, zikawaka siku moja. Mara ya tatu akabadilisha soketi zote mbili, akamwambia baba kwamba gari hili limemzidi umri, yeye huliamkia kwanza ndipo aliguse. Baba akamjibu, "Mwanangu, wewe unatibu pua na mgonjwa anaumwa mguu." Wakacheka wote wawili. Wanapendana wale.

Zilipozima mara ya nne baba hakutaka kurudi mjini. Alifungua boneti hapa hapa uani, akanipa taa ya kupimia umeme niishike, akaanza kunifundisha kama nina miaka kumi na miwili. Akaniambia taa mbili hazifi pamoja kwa mapenzi. Zikifa kwa wakati mmoja, tafuta chungu zinamokula pamoja. Umeme ulikuwa unafika kwenye taa vizuri, ila haukuwa na njia ya kurudi. Akaufuata waya wa hasi wa taa kwa vidole, taratibu, mpaka nyuma ya betri, pale unapofungwa kwenye bodi kwa nati ndogo. Nati ilikuwa imeota kutu ya kijani. Akaisugua kwa msasa, akapaka grisi, akaikaza kwa spana namba kumi. Taa zikawaka mpaka ukuta wa zizi ukawa kama umepakwa chokaa. Siku hiyo baba alikula sahani mbili za wali na nyama kavu, na kila aliyepita alisimuliwa habari ya nati.

Baada ya siku tisa zikazima tena. Baba akafungua boneti, akakuta nati ile ile imelegea. Akaikaza. Baada ya siku nne ikalegea. Akaongeza washa, kile kipete cha kubana nati. Ikalegea. Akatoa bolti ya zamani akaweka mpya. Wiki ile ile, ikalegea. Maziwa yakawa yanalala, sisi tunayagawa kwa majirani kabla hayajaharibika. Siku moja jua lilichungulia, tukateremka kwa Sasidharan. Akatazama kwa muda mrefu, akajikuna kichwa, akasema, "Mzee Mahad, hapa mimi sina jibu. Kutu hubana nati, haiifungui." Baba akafunga boneti, tukapanda mlima.

Kuanzia hapo, dada, alibadilika. Alikuwa akikaza nati jioni, kisha anachora mstari wa chaki kwenye mlango wa zizi ili akumbuke kwamba amekaza. Asubuhi anaukuta mstari upo na nati imelegea, anasimama pale anatazama kimoja, anatazama kingine. Siku moja aliniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba maji kwa jirani, "Mabkhut, jana nilikaza, au nilichora tu?" Nikamjibu kwamba sikuangalia.

Sasa nije kwenye siku ya Nuwayr. Unamkumbuka, mke wa Suhail wa nyumba ya chini, alikuwa na mimba ya kwanza. Ilikuwa Jumanne, wiki mbili zilizopita. Mimi nilikuwa nimeteremka mjini alfajiri kwa gari la watu kununua dagaa, na Suhail mwenyewe yuko kazini Thumrait. Saa nne asubuhi uchungu ukamshika Nuwayr, chupa ikapasuka. Gari lililokuwepo ni letu tu. Baba akawasha taa kumulika ukuta, zikawaka vizuri. Akasema, "Alhamdulillahi, leo zina adabu," akampakia Nuwayr nyuma pamoja na mama mkwe wake, Thumna akakaa mbele.

Thumna ndiye aliyenisimulia. Walipofika kwenye zile kona tatu juu ya bonde, ukungu ukawa mzito hata pua ya gari haionekani. Hapo ndipo taa zikapepesa mara mbili na kuzima. Baba akasimamisha gari, akafungua boneti, akaingiza mkono nyuma ya betri. Spana zilikuwa kwenye mfuko uani, maana alfajiri alikuwa amezitoa garini kuzipangusa. Akawa anajaribu kukaza kwa vidole. Zinawaka, anaachia, zinazima. Nyuma Nuwayr analia na mama mkwe wake anamsomea Kurani kwa sauti ya juu ili asisikie kilio. Baba akapiga boneti kwa kiganja, akasema, "Mikono hii! Mikono hii!"

Kisha akamwambia Thumna ahamie kwenye usukani. Thumna hajawahi kuendesha zaidi ya kwenda malishoni, akamwambia, "Ami, nitawaua." Baba akamwambia, "Huendeshi wewe. Unanifuata mimi tu. Gia ya kwanza, na mguu usiuondoe kwenye breki." Akavua kilemba chake chekundu, akakifunga kwenye fimbo na kuibeba begani, akatangulia kwa miguu, anatafuta ukingo wa lami kwa kisigino. Akifika penye kona anapiga kelele, "Njoo kulia kwangu! Njoo! Simama!" Walikwenda hivyo karibu kilomita nne, bonde liko pembeni, mtu wa miaka sabini na moja anatembea mbele ya bampa katika mvua ile nyembamba. Walipotoka chini ya ukungu na kuiona tambarare, alipanda gari akiwa hana pumzi. Nuwayr alijifungua mtoto wa kike robo saa baada ya kufikishwa hospitali. Wote wawili wazima, na mtoto ana nywele kama za mtu mzima.

Watu walikuja kumpongeza baba kwa siku tatu. Suhail alichinja. Baba alikaa pale na kahawa mkononi, na kila aliyemsifu alimjibu kwa maneno yale yale, kwamba asisifiwe, kwamba mikono yake imekufa na akili inaifuata, mtu asiyeweza kukaza nati moja amebeba roho za watu. Kesho yake alichukua mfuko wa spana, zile alizo nazo tangu alipokuwa dereva wa lori la maji la serikali, akaupeleka kwa Sasidharan akamwachia. Sasidharan alikataa, baba akauweka sakafuni akaondoka. Na siku iliyofuata ndiyo uliyompigia simu.

Sasa dada, nimefika mahali ambapo tangu asubuhi nimekuwa nikipazunguka. Mikono ya baba haijafa. Nati ile nilikuwa naifungua mimi.

Usikunje karatasi, soma mpaka mwisho. Mwezi wa Shaabani tulikuwa tunarudi na dagaa, ukungu haujaanza, jua la mchana mweupe. Pale penye tangi la maji barabara inapinda, baba hakupinda. Alikwenda moja kwa moja, mpaka gurudumu la mbele likabaki linaning'inia juu ya bonde. Aliniambia lori limempiga mwanga machoni. Hakukuwa na lori. Tangu siku hiyo nikawa namchunguza. Chai anaimimina pembeni ya kikombe. Watu anawatambua kwa sauti. Jicho la kulia lina utando mweupe, ukimtazama kwa karibu utauona. Nikajisemea atatuua, au ataua mtoto wa mtu, na mimi ndiye mwanawe wa kiume, lazima nimnyang'anye ufunguo. Nikashindwa. Mara tatu nilifungua kinywa, mara tatu nikaishia kuuliza habari za ng'ombe.

Aliponionyesha nati ile, mimi mwenyewe nikiwa nimemshikia taa, shetani akanipa njia. Bila taa haendi. Basi nikawa naamka kabla yake, wakati bado yuko kwenye uradi wake, naizungusha. Niliona nimemwokoa bila kumvunjia heshima. Nilipomwona na chaki yake nilijua ninachomfanyia, dada, na bado niliendelea. Kila siku nilijiambia ni mpaka ukungu uishe tu.

Alfajiri ya Jumanne ile nilikuwa nimeizungusha nusu tu, nikasikia kikohozi chake mlangoni. Nikaiacha hivyo, nikaenda zangu mjini. Ndiyo sababu taa zilimdanganya ukutani, zikamwacha kwenye kona.

Jumapili iliyopita nilimwambia. Nilimkuta zizini, nikasema yote kwa mkupuo, kama mtu anayetapika. Alisikiliza bila kunitazama. Nilipomaliza akauliza, "Spana namba kumi?" Nikasema namba kumi. "Kila mara?" Nikasema kila mara. Akageuza viganja vyake juu, akavisogeza karibu kabisa na uso, akaviambia vyenyewe, si mimi, "Kumbe nilikuwa nakaza."

Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Akasema, "Ungeniambia sioni. Mtu huambiwa. Mama yako aliniambia hata nilipokosea rakaa." Akatoka. Tangu hapo hajanisemesha. Chakula anakula kwa Suhail, na mimi nikiingia msikitini anahamia safu ya nyuma.

Lakini jana alimwita Thumna, akamtuma kwangu. Daktari wa macho mjini, Suhail alikompeleka juzi, anasema ule utando unaondolewa, ni kazi ya asubuhi moja. Unajua tangu mama afie katika hospitali ya mjini baba ameapa kutolala humo. Sasa amekubali. Ameweka sharti, kwamba atakayemwingiza mlangoni na kumshika mkono ni wewe, si mimi. Ametumia maneno haya haya: "Mwandikie Tuful aje. Huyu simtaki karibu na macho yangu."

Kwa hiyo nakuomba, mwombe shemeji ruhusa, hata kwa wiki moja. Msalimie sana, mwambie nina aibu kumwandikia yeye mwenyewe. Wabusu watoto. Nuwayr naye anakusalimu, mtoto amempa jina lako, sijui kama nimekuambia.

Njoo kwa basi la Alhamisi ya wiki ijayo, nitakupokea kituoni. Kutoka mlimani kwenda hospitali nitaendesha mimi, baba atakaa nyuma pamoja nawe. Hilo amelikubali, mradi nisiseme neno njiani.

Wasalaam, ni mimi mdogo wako, mwenye kuhitaji dua zako,

Mabkhut bin Mahad